Faini ya dereva si fidia ya majeruhi: haki za abiria aliyeumia katika ajali ya basi

Katika ziara zetu za robo mwaka hii tulipita katika parokia nne zilizo kandokando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya. Tulikwenda kukagua miradi ya maji na vikundi vya kuweka na kukopa. Daftari za michango tuliombwa tuzitazame kwa kuwa tulikuwa tumekwishafika tu. Humo tulikuta maneno yaleyale yakijirudia ukurasa baada ya ukurasa: mchango wa matibabu, ajali ya basi. Jumuiya ndogo ndogo zilikuwa zimetoa mahindi, kuku, mafuta ya taa na fedha taslimu. Katika parokia mbili, sehemu ya mfuko wa matibabu unaochangiwa na wafadhili wetu nayo ilikuwa imetumika kwa kazi hiyo hiyo. Tulipouliza ni majeruhi wangapi waliodai fidia kwa mwenye basi au kampuni yake ya bima, tulitajiwa mtu mmoja.

Hatusemi kwamba michango hiyo ilikuwa kosa. Mgonjwa hawezi kulala wodini akisubiri sheria ifanye kazi. Lakini mchango hulipa dawa na vyuma vya kuungia mfupa. Haulipi mguu uliobaki mfupi, wala shamba lisilolimwa misimu miwili. Kwa ajili ya hasara za namna hiyo nchi yetu imeweka bima ya lazima, na kila mwenye basi hulipia bima hiyo kabla gari halijaingia barabarani. Kwa hiyo tumeona ni vema kutumia nafasi ya toleo hili kueleza, kwa lugha ya kawaida, abiria aliyeumia ana njia zipi za kisheria Tanzania Bara, na kamati ya parokia inaweza kumsaidia vipi hata kama haina mwanasheria.

Kesi mbili ambazo watu huzichanganya

Yule mtu mmoja tuliyetajiwa ni mama anayefanya biashara ya vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni. Basi alilopanda lilipinduka, naye akavunjika paja. Alipokuwa angali hospitalini alisikia kwamba dereva amefikishwa mahakamani, amekiri kosa na amelipa faini. Yeye na ndugu zake wakaamini kwamba jambo limekwisha na kwamba sehemu ya faini ile ingemfikia. Walisubiri miezi minane.

Faini haimfikii majeruhi. Kesi ya dereva ni ya jinai, nayo hufunguliwa na Jamhuri kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Majeruhi katika kesi hiyo ni shahidi tu, na dereva akikiri, shauri linaweza kumalizika siku moja bila hata majeruhi kuitwa. Faini huingia serikalini. Fidia ya majeruhi hutafutwa katika kesi ya pili, yaani kesi ya madai, ambayo majeruhi mwenyewe lazima aianzishe. Asipoianzisha hakuna atakayemwanzishia, si polisi, si hakimu wala kampuni ya bima.

Hata hivyo kesi ya jinai ina faida mbili kwa majeruhi. Kwanza, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa hakimu uwezo wa kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia mtu aliyepata madhara. Mwendesha mashitaka anaweza kuombwa alikumbushe jambo hilo mahakamani, ingawa kwa uzoefu wetu dereva mwajiriwa hana uwezo wa kulipa kiasi cha maana. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inasema kwamba hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, huchukuliwa kuwa ushahidi usiopingika wa hatia ya aliyetiwa hatiani. Kwa maneno mengine, dereva aliyetiwa hatiani kwa uendeshaji wa hatari hawezi baadaye kusimama katika kesi ya madai na kudai kwamba aliendesha vizuri. Nakala ya hukumu ile ni karatasi yenye thamani kubwa, nayo inapatikana kwa kuiomba kwa barua katika mahakama iliyosikiliza shauri. Msomaji aelewe pia kwamba kanuni hiyo hukata kote kuwili: dereva akiachiwa huru, hukumu hiyo itamsaidia yeye.

Na dereva akikimbia? Wengi hutuuliza hivyo, kwa sababu madereva hukimbia. Jibu ni kwamba kesi ya madai haimtegemei. Mwajiri huwajibika kwa uzembe wa mwajiriwa wake akiwa kazini, hivyo mwenye basi anaweza kudaiwa hata kama dereva hajaonekana tena.

Anadaiwa nani, na nani analipa

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza gari kutumika barabarani bila angalau bima ya madhara kwa watu wengine, ile ambayo mitaani tunaiita bima ndogo. Baadhi ya watu hudhani kwamba bima ndogo ni kwa ajili ya watembea kwa miguu tu, na kwamba abiria wa ndani hulindwa na bima kubwa peke yake. Sivyo. Kwa gari linalobeba abiria kwa nauli, bima ya lazima inawahusu pia abiria waliomo ndani. Bima kubwa huongeza ulinzi wa gari lenyewe, jambo ambalo ni la faida kwa mwenye mali.

Hapa kamati za parokia zitusikilize vizuri. Gari lisilobeba abiria kwa nauli, mfano Fuso la mazao linalopakia waombolezaji kwenda mazishini, au pikapu ya jirani inayosaidia kusafirisha kwaya, halilazimiki na sheria hiyo kuwa na bima ya watu lililowabeba. Likipinduka, waliopanda wanaweza kumdai mwenye gari kwa uzembe, lakini yaweza kutokea kwamba nyuma yake hakuna kampuni yoyote ya bima ya kulipa. Tunajua Fuso ni rahisi na basi ni ghali. Tunajua pia msiba hausubiri. Lakini viongozi wanaopanga safari wajue wanachokiweka rehani.

Utaratibu wa kulipwa na bima uko hivi. Mtu anayedaiwa kisheria ni dereva na mwenye gari, kwa sababu ndio waliosababisha madhara. Majeruhi akipata hukumu dhidi yao, sheria inailazimu kampuni ya bima iilipe hukumu hiyo kwa madhara yaliyo ndani ya bima ya lazima. Sharti mojawapo ni kwamba kampuni iwe imearifiwa mapema kuhusu kesi. Kwa sababu hiyo barua kwa kampuni ya bima iandikwe kabla ya kufungua kesi, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe. Mara nyingi barua hiyo hiyo hufungua mlango wa mazungumzo, na madai mengi humalizika mezani bila kufika kwa hakimu.

Jina lililoandikwa ubavuni mwa basi lisimdanganye mtu. Basi linaweza kupakwa jina la kampuni huku kadi ya gari ikiwa na jina la mtu mwingine kabisa. Kinachomtambulisha mwenye gari ni namba ya usajili, na kumbukumbu zake ziko Mamlaka ya Mapato. Namba hiyo hiyo hutumika kuhakiki stika ya bima katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambao mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuufungua na kuona kama gari lina bima hai na ya kampuni gani. Basi zikigongana namba zote mbili, au tatu, ni za kuandikwa. Katika ajali ya Changarawe, Mafinga, mwezi Machi 2015, kontena la lori liliangukia basi la abiria. Katika mgongano wa namna hiyo anayewajibika aweza kuwa wa basi, wa lori au wote wawili, na majeruhi hawezi kujua akiwa wodini. Adai wote, mahakama itagawa lawama.

Gari la serikali likihusika utaratibu hubadilika. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Shauri la namna hiyo lisianzwe bila wakili.

Karatasi za wiki za mwanzo

Katika mashauri tuliyoyafuatilia, kilichoamua ni karatasi zaidi kuliko ufundi wa wakili. Na karatasi nyingi hupatikana kwa urahisi katika wiki mbili au tatu za kwanza, wakati majeruhi hawezi kutembea. Hapo ndipo mahali pa kamati ya parokia. Katibu wa jumuiya mwenye bahasha na baiskeli anaweza kufanya kazi ambayo wakili hataweza kuifanya miaka miwili baadaye.

Ya kwanza ni PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Wengi wanaifahamu, lakini huiacha hospitalini. Ombeni nakala, na hakikisheni daktari ameijaza sehemu yake kwa maneno yanayosomeka. Polisi pia huandaa ripoti ya ajali, ramani ya mahali ilipotokea na ripoti ya ukaguzi wa gari. Kampuni ya bima itazitaka zote, kwa hiyo namba ya jalada la polisi iandikwe siku ile ile. Ripoti ya ukaguzi ni muhimu hasa pale mwenye basi anapojitetea kwamba tairi lilipasuka au breki zilikataa ghafla. Tairi lililokwisha halipasuki kwa bahati mbaya.

Tiketi nayo. Tumeona tiketi iliyoandikwa "Mama Juma" na nyingine iliyoandikwa "abiria" tu. Mtu mwenye tiketi kama hiyo atatumia miezi kuthibitisha kwamba alikuwa ndani ya gari. Msafiri adai jina lake kamili liandikwe, kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Kama tiketi imepotea, majina na simu za abiria waliokaa karibu naye yatamsaidia, na PF3 ya siku ile ile itaungana nayo. Mabasi ya mikoani yana pia kifaa cha kufuatilia mwendo kinachosimamiwa na LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Kumbukumbu ya mwendo kasi inaweza kuombwa kupitia wakili au mahakama.

Halafu risiti. Mahakama zetu hutofautisha fidia za aina mbili. Hasara zinazohesabika, kama gharama za hospitali, nauli za kurudi kliniki, magongo, na mapato yaliyopotea, lazima zitajwe moja moja katika hati ya madai na zithibitishwe kikamilifu. Risiti isipokuwepo, kiasi hicho hukatwa, hata kama hakimu anaamini kwamba fedha zilitumika. Maumivu, ulemavu na kupungukiwa raha ya maisha huingia katika fidia ya jumla, ambayo hukadiriwa na mahakama kwa kuangalia ripoti ya daktari. Ndiyo maana ripoti inayotaja asilimia ya ulemavu wa kudumu ina uzito, nayo iombwe baada ya jeraha kutulia na si wiki ya kwanza. Fedha zilizochangwa na jumuiya ziende hospitalini kwa risiti yenye jina la mgonjwa. Katika daftari moja tulikuta zaidi ya shilingi laki sita zilizotumika vizuri kabisa kwa mgonjwa, bila risiti hata moja.

Karatasi inayoletwa wodini

Turudi kwa yule mama wa vitunguu. Siku ya tatu baada ya ajali alikuja mtu aliyejitambulisha kuwa ametumwa na mwenye basi. Alikuwa mpole, akatoa pole, akampa shilingi laki tatu na kumwomba aweke dole gumba kwenye karatasi "ya kuonyesha ofisini kwamba umepokea". Mama alikuwa na homa na miwani yake ilibaki kwenye basi. Karatasi ile, tulipoisoma baadaye, ilisema kwamba amelipwa fidia yote na hatakuwa na dai lingine lolote milele.

Kupokea msaada wa mwenye basi si kosa. Tatizo ni saini. Makubaliano ya mwisho yakishatiwa saini, kampuni ya bima itayaweka mezani kabla ya jambo lingine lolote. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa iwe huru, na inatambua kwamba mtu aliye katika maradhi au mateso ya mwili anaweza kushinikizwa isivyo haki. Kwa hiyo karatasi kama ile inaweza kupingwa. Lakini kuipinga ni kesi ndani ya kesi. Tunaziomba kamati ziwaambie ndugu wa majeruhi mapema: asiweke saini wala dole kwenye karatasi yoyote, isipokuwa ya hospitali au polisi, mpaka mtu wa pili aisome kwa sauti mbele yake. Kama ni fedha ya msaada, aandike mwenyewe "nimepokea kwa ajili ya matibabu tu" na kiasi.

Muda na mahali pa kudai

Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 89, inatoa miaka mitatu kwa madai yanayotokana na uzembe. Miaka mitatu huonekana mingi siku ya ajali. Mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi saa, na tumesikia ya mtu aliyeambiwa "faili lako linashughulikiwa" mpaka muda ukaisha. Kwa mtoto, hesabu huanza anapotimiza miaka 18, lakini mashahidi hawasubiri akue, na mzazi au mlezi anaweza kudai kwa niaba yake sasa. Waziri mwenye dhamana ya sheria anao uwezo wa kuongeza muda, usiozidi nusu ya ule wa awali, lakini hiyo ni njia nyembamba ambayo mtu asiitegemee.

Kesi hufunguliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, si Mahakama ya Mwanzo. Hatua ya mapema ni usuluhishi mbele ya mahakama, na pande zikikubaliana hapo, makubaliano husajiliwa na kuwa na nguvu ya hukumu. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, jambo lililowapunguzia watu wetu hofu kubwa. Kama mgogoro ni na kampuni ya bima inayozungusha malipo, malalamiko yanaweza kupelekwa TIRA, ambayo ina ofisi za kanda, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Abiria akifa, familia haipotezi haki. Sura ya 310 ya sheria zetu inawaruhusu wategemezi, yaani mke au mume, watoto na wazazi, kudai fidia kwa kupotelewa na aliyewatunza. Kwa kawaida dai hilo huendeshwa na msimamizi wa mirathi, hivyo kikao cha ukoo cha kumteua kisichelewe.

Jambo moja ambalo parokia nyingi zimelisahau linazihusu zenyewe kama mwajiri. Muuguzi wa zahanati, mwalimu wa shule ya awali au katekista mwenye ajira akiumia katika basi akiwa safarini kikazi, anastahili mafao ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, bila kulazimika kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Taarifa itolewe mara moja, na kwa vyovyote ndani ya miezi 12. Kila mwajiri, pamoja na taasisi za dini, anatakiwa awe amejisajili na kuchangia. Katika parokia nne tulizotembelea, mbili hazikuwa zimejisajili.

Msaada unapatikana wapi

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na katika wilaya nyingi wapo. Hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani wala kumtoza fedha, lakini wanaweza kuandika barua, kueleza utaratibu na kumwelekeza kwa wakili wa msaada. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TAWLA nao husaidia wasio na uwezo. Anayeamua kuweka wakili wa kulipa, kwanza ahakikishe jina lake katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, kwa maana vishoka huzunguka wodini kama wale wa mwenye basi. Pili, malipo yake yaandikwe kabla ya kuanza kazi.

Yule mama alipofika kwetu zilikuwa zimebaki siku chache kutimia miaka miwili na nusu tangu ajali. Katibu wa jumuiya yake aliandika barua ya kuomba nakala ya hukumu ya dereva, akaipata baada ya wiki tano. Msaidizi wa kisheria aliandika kwa kampuni ya bima. Wakili wa kujitolea alifungua kesi ikiwa imebaki miezi miwili na siku kadhaa. Karatasi yenye dole gumba ililetwa mezani kama tulivyotarajia, lakini nakala ya hukumu nayo ilikuwepo, na shauri lilimalizika kwenye usuluhishi. Kiasi alicholipwa hatukitaji, kwa ombi lake. Alirudisha mchango wa jumuiya, ingawa hakuna aliyemwomba, na sasa anauza vitunguu akiwa amekaa, kwa sababu mguu haukurudi kama zamani.

Kamati zinazopenda tufike kueleza mada hii kwa makatibu wa jumuiya zituandikie kabla ya robo mwaka ijayo. Tutakuja na mifano ya barua mbili, ya kampuni ya bima na ya kuomba nakala ya hukumu, ambazo zinahitaji kujazwa jina, tarehe na namba ya gari.